Waya wa Kuamsha

Nilibadilisha redio ya gari ili nisikilize, kwa flashi, sauti ya marehemu mke wangu akighani mashairi. Redio ikawaka, saa ikaonekana, spika zikawa kimya. Nikahofu rekodi imeharibika.

Fundi akaivuta redio, akanionyesha waya wa buluu wenye mstari mweupe, haujaunganishwa popote. Ndio upelekao volti 12 za kuiamsha amplifaya iliyokuja na gari kutoka kiwandani.

"Mwalimu, amplifaya ni nzima. Haijaamshwa tu."

Mafundi huuita waya huo rimoti. Mimi nimeuita kiamshi. Ulipoungwa, mke wangu akaghani.

Nami nikawakumbuka wanafunzi walionyamaza darasani, nikawaandikia: "Hajui."