Safari ya Bariadi na Mkia wa Coaster

Wengi wetu tukisikia jina la Simiyu tunafikiri pamba, ng'ombe na jua kali. Hayo yote yapo. Lakini sisi akina mama ambao huzunguka na kwaya na vikundi vya maombi, leo tunataka kuwaeleza habari ya Bariadi kwa upande ambao haujazoeleka katika kurasa hizi: njia ya kutoka barabarani mpaka uani kwa mwenyeji, na namna gari refu linavyoweza kuipita bila kuburuza mkia wake.

Mkoa wa Simiyu bado ni kijana. Ulianzishwa mwaka 2012, sehemu kubwa ikimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikitoka Magu, mkoani Mwanza. Kutoka Mwanza mjini tulipita Kisesa na Magu, Ziwa Viktoria likijificha na kujitokeza upande wa kushoto, tukaingia Busega. Huko ndiko kuliko Nassa, mahali ambapo wamisionari wa CMS walikuwa na kituo tangu karne ya 19, na mwaka 1909 kikapokelewa na Africa Inland Mission. Kwa hiyo injili katika nchi hii ni ya zamani kuliko bibi zetu, na ukisikia jinsi watu wa Nassa wanavyoimba huwezi kushangaa.

Lamadi ndipo barabara zinapogawanyika. Ukinyoosha unakwenda Bunda na Musoma, na hapo karibu kuna lango la Ndabaka la kuingilia Hifadhi ya Serengeti. Ukikata kulia unaelekea Bariadi, kama kilomita 70 za lami. Tulisimama kununua sato wa kukaanga, na pembeni yetu wazungu wawili wazee walikuwa wameegesha gari-nyumba, lile lenye vitanda na jiko ndani. Wenzetu walilichungulia kwa hamu, hasa jiko. Dereva wetu yeye aliinama akatazama chini ya mkia. Kulikuwa na vigurudumu viwili vidogo vya chuma, havigusi ardhi, vimening'inia tu. Akatuambia, "Mama zangu, hawa wanajua. Mkia ukishuka, kinachogusa chini ni gurudumu, si bodi." Wakati ule hatukulipa neno hilo uzito wowote.

Baada ya Lamadi nchi inabadilika. Kuna vilima vya mawe makubwa ya mviringo, mengine yamepandana kana kwamba mtu aliyapanga. Kati ya vilima hivyo kuna mabonde mapana ya udongo mweusi. Wasukuma wana majina ya udongo kama sisi tulivyo na majina ya vitenge: luseni ni ule wa kichanga ulio juu, karibu na mawe, na mbuga ni ule mweusi wa bondeni. Mbuga hufaa sana kwa mpunga, ndiyo maana mnaona majaluba yamepangwa huko. Lakini kwa ujenzi ni udongo msumbufu. Ukinywa maji huvimba, ukikauka hupasuka nyufa ambazo mtoto anaweza kuingiza mkono. Wazee wa zamani walijenga kwenye luseni na kuiachia mbuga kilimo. Siku hizi kila mtu anataka kuwa karibu na lami, na lami hupita popote.

Wajenzi wa barabara, kwa kulijua hilo, mahali pa mbuga waliinua lami juu ya tuta ili maji yasiiguse. Barabara iko juu, nyumba ziko chini, katikati kuna mtaro. Kila mwenye kiwanja hujitengenezea mwenyewe kipande chake cha kuteremkia. Ukiwa ndani ya basi huoni kitu. Ukiwa mgeni wa mtu, utakiona.

Wenyeji wetu walikuwa kikundi cha akina mama wa kanisa moja nje kidogo ya mji wa Bariadi, upande wa Nyakabindi, pale palipofanyika Nanenane ya kitaifa mwaka 2018. Walitupokea kwa vigelegele na "Mwangaluka, mayu!" mpaka sote tukawa tumejifunza kuitikia. Gari liliteremka uani polepole bila shida yoyote. Tukalala siku mbili, tukala michembe na karanga, tukaomba, tukaimba. Siku ya kuondoka tukapewa zawadi: viroba vya mchele, maboga, kuku wanne, na masufuria yetu tuliyokwenda nayo. Vyote vikapangwa nyuma. Tukapanda sote, watoto wakakimbilia viti vya mwisho kama kawaida yao, na gari likaanza kupanda kuelekea barabarani.

Magurudumu ya mbele yalikuwa yamepita nusu ya mwinuko tuliposikia mkwaruzo kutoka nyuma, sauti kama ya jembe likikwangua jiwe. Dereva alisimama palepale. Hakukanyaga mafuta ili atoboe, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Alishuka, akalala chali chini ya gari, akatuita tuone. Bomba la moshi lilikuwa limesukumwa juu, na mahali lilipoungwa pameachia. Moshi ulikuwa unatokea chini ya sakafu, chini kabisa ya viti walipoketi watoto.

Hapa mama mwenzetu tunaomba usikie vizuri. Mkwaruzo wa bampa ni hasara ya fedha, na fedha hutafutwa. Bomba la moshi lililopasuka kabla ya kufika nje ni jambo jingine. Katika moshi wa gari kuna hewa yenye sumu iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Injini ya petroli huitoa zaidi kuliko ya dizeli, lakini moshi wa dizeli nao si wa kuvutwa na mtoto aliyefungiwa vioo. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito. Sasa fikiria safari ya saa nne, watoto wamechoka, wamelala nyuma. Nani angetofautisha usingizi wa uchovu na usingizi wa sumu? Kwa hiyo gari likiburuza mkia, hata kama sauti ilikuwa ndogo, mwambie dereva asimame achungulie bomba kabla watoto hawajarudi ndani. Usione haya kuwa mama msumbufu.

Fundi wa bomba aliitwa kutoka mjini na mashine yake ya kuchomelea. Wakati tunamsubiri, mzee mmoja fundi mwashi, baba mkwe wa mama mwenyeji, alikuja na kamba, pima maji na futi. Sisi tulikuwa tunalaumu ule mlima. Yeye akasema, "Mayu, mlima haugongi gari. Kinachogonga ni pale mlima unapoanzia." Akatuonyesha. Coaster ina urefu wa karibu mita 7, lakini kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma haifiki mita 4. Kilichobaki nyuma ya gurudumu la mwisho ni mkia mrefu usio na mguu. Magurudumu ya mbele yakipanda, gari zima huinama kama mizani: pua juu, mkia chini. Magurudumu ya nyuma yakiwa bado kwenye tambarare, pale kwenye mkunjo, mkia hushuka kuliko wakati mwingine wowote. Yakishapanda yenyewe, hatari imekwisha. Ndiyo maana tuliingia salama na kukwama wakati wa kutoka. Uani ungekuwa juu ya barabara, mambo yangekuwa kinyume.

Tulipima wenyewe kwa futi. Kutoka tairi la nyuma linapogusa ardhi mpaka ncha ya bomba la moshi tulipata sentimita 190. Ncha ile, gari likiwa limejaa watu na viroba, ilikuwa sentimita 28 kutoka chini. Hesabu yake ni ya darasa la tano: 28 gawanya kwa mita 1.9 ni karibu 15. Maana yake mwinuko unaopanda zaidi ya sentimita 15 kwa kila mita utagusa mkia. Barabara ilikuwa juu ya uani kwa sentimita 80, na njia ilikuwa na urefu wa mita 4 na nusu tu, yaani karibu sentimita 18 kwa mita. Hakukuwa na mchawi hapo.

Kisha tukashuka sote, tukateremsha viroba, masufuria na kuku, tukapima tena. Ncha ilikuwa imepanda hadi sentimita 36, na hesabu ikawa karibu 19. Gari tupu lingepita, ila kwa nafasi ndogo mno. Tazama basi uzito wetu ulivyofanya kazi! Na si uzito tu, bali mahali ulipokaa. Mchele uliopangwa nyuma ya gurudumu la mwisho hukandamiza mkia kuliko ule ulio katikati. Sisi ndio tunaopanga vyombo katika safari hizi, si madereva, kwa hiyo jambo hili liko mikononi mwetu: vizito viwekwe mbele ya magurudumu ya nyuma, vikapu na mikeka ikae nyuma.

Bomba lilipofungwa, dereva aliweka mbao nene za sentimita 5 chini ya njia ya magurudumu ya nyuma, kuanzia mita moja kabla ya mkunjo na kuupita kidogo. Mbao huyainua magurudumu mapema, na mkia huinuka nayo. Utingo alisimama lamini na kitambaa chekundu, mama mmoja akachuchumaa pembeni akitazama mkia, na gari likapanda kwa mwendo wa konokono. Nafasi iliyobaki ilitosha ngumi ya mtu.

Watu walitoa mashauri mengi, kama ilivyo desturi penye gari lililokwama. Wengine walisema litoke kinyumenyume. Mzee alicheka. Ukirudi nyuma, mkia ndio unaotangulia kukutana na mwinuko, hivyo unagonga vilevile, na dereva haoni kitu. Kupanda kwa mshazari kunasaidia kweli, kwa sababu mwinuko hupungua ukali, lakini kunataka njia pana na gari tupu, kwani gari refu lililojaa likiegemea upande mmoja linaweza kuleta msiba. Kuongeza jani la springi kunainua mkia kwa kudumu, ila abiria wataruka juu kila penye shimo. Vile vigurudumu vya gari-nyumba pale Lamadi sasa tulivielewa. Wenye magari hayo hukubali kwamba mkia utagusa, wakachagua kitu gani kiguse. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuvitengeneza, na kwa gari la kanisa linalokwenda vijijini kila mwezi tunaona ni fedha iliyotumika vema.

Lakini dawa yenyewe iko ardhini. Akina mama wa Bariadi walikata shauri kuitengeneza njia yao, nasi tukawachangia kidogo. Mmoja wao alisema hii ndiyo kazi aliyoihubiri Yohana Mbatizaji, wakacheka wote. Kwanza waliomba kibali, kwani barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, na eneo la hifadhi yake kwa sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Huwezi kuchimba humo kwa mapenzi yako. Barabara za mitaa na vijijini ziko chini ya TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Kisha waliuvuta mwinuko kuelekea uani mpaka ukawa mita 8, yaani sentimita 10 kwa kila mita. Waliondoa udongo mweusi kina cha sentimita 30 na zaidi, maana ukijenga juu ya mbuga mkunjo hurudi masika ya kwanza. Mikokoteni ya ng'ombe ikaleta moramu, ikamwagwa tabaka kwa tabaka, ikinyunyizwa maji na kushindiliwa. Pale chini na pale juu mzee hakukubali kona kali. Alitaka mviringo kama mgongo wa bakuli. Chini kwa ajili ya mkia, juu kwa ajili ya tumbo la gari. Na mtaroni waliweka kalavati sawasawa na sakafu ya mtaro. Wengi huuziba mtaro kwa mawe na kifusi, maji ya mvua yakamwingilia jirani, na hapo hata salamu huisha.

Mtu anaweza kuuliza, kazi yote hii kwa ajili ya kwaya? Gari la wagonjwa la Land Cruiser lingepita hata njia ya zamani, kwa kuwa mkia wake ni mfupi. Lakini mwenye uchungu wa uzazi usiku huchukuliwa na gari lolote linalopatikana, na siku ya msiba jamaa huja kwa Coaster. Tena njia iliyokuwa kali kwa gari ilikuwa kali pia kwa bibi mwenye mkongojo na kwa binti mwenye ndoo kichwani. Mama mwenyeji anasema sasa mkokoteni wa maji hupanda bila watoto kuusukuma.

Baada ya masika mzee alipima tena akatutumia habari. Juu ya kalavati moramu imetitia sentimita 4, sehemu nyingine haikusogea. Wameshaweka akiba ya mikokoteni miwili ya moramu pembeni ya uzio, waijazie kabla ya mvua za Novemba.