Mama wa Shanwe Anapokwenda kwa Mjukuu Ng'ambo

Zamani binti akiolewa mbali, huko mbali palikuwa Tabora au Kigoma. Mama wa Shanwe akisikia kuwa mwanawe amejifungua, alifunga unga wa ulezi, karanga na chupa ya asali, akapanda treni pale stesheni ya Mpanda. Reli hiyo, tawi la kilomita 210 kutoka Kaliua, wakoloni waliijenga kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, lakini imebeba bibi wengi waendao kuwaona wajukuu. Hakuna aliyemuuliza mama atakaa siku ngapi. Alikaa mpaka mzazi akaweza kujitwika ndoo, ndipo akarudi.

Siku hizi mabinti zetu wamefika mbali zaidi. Mmoja ni muuguzi Uingereza, mwingine ameolewa Ujerumani. Mimba ikikua, simu inalia Shanwe: “Mama, njoo unisaidie, hata miezi sita.” Moyo wa mama husema ndiyo kabla mdomo haujafunguka. Lakini katikati kuna mlango uitwao viza, na mlangoni pana maswali mawili: utakaa siku ngapi, na utafanya nini? Mama mpendwa, ukiyajibu hayo mawili vizuri na kwa kweli, mengine yote yana njia.

Anza na jina lako

Kabla ya mwaka 2012, Mpanda ilipokuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, mambo ya mkoa yalifuatwa Sumbawanga. Sasa Katavi ni mkoa, na Shanwe ni kata ya Manispaa ya Mpanda, kwa hiyo Uhamiaji wa mkoa wako karibu. Pasipoti ya kielektroniki, iliyoanza kutolewa mwaka 2018, hudumu miaka 10. Fomu hujazwa kwa mtandao. Kijana wako wa sekondari anaweza kukusaidia. Utahitaji namba ya kitambulisho cha taifa, cheti cha kuzaliwa na picha.

Kinachowakwamisha akina mama wengi ni jina. Cheti cha ubatizo kina jina moja, kitambulisho cha taifa kina jingine, cheti cha ndoa kinaongeza la mume, na nyumbani unaitwa Mama Fulani tu. Weka karatasi zako zote mezani na uzisome moja moja. Zikipishana hata kwa herufi, fanya marekebisho NIDA au RITA mapema, na ukiambiwa ulete hati ya kiapo, iandae. Usisubiri mpaka binti yako awe katika mwezi wa nane.

Hesabu siku kabla ya kuomba

Maandiko yanatuambia kuwa Naomi na mumewe waliondoka Bethlehemu kwenda kukaa Moabu kwa muda, na muda ule ukawa kama miaka kumi. Zama zetu hazina nafasi hiyo. Kila nchi ina kipimo chake.

Uingereza humruhusu mgeni kukaa hadi miezi 6 kwa ziara moja. Zipo viza za miaka 2, 5 au 10, na hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Miaka hiyo ni muda wa kuingia na kutoka. Kila ziara bado haizidi miezi 6, wala mtu haruhusiwi kuhamia huko kwa kwenda na kurudi. Maombi hufanywa mapema zaidi miezi 3 kabla ya safari.

Ujerumani, Ufaransa, Uholanzi, Italia na nchi nyingine za Schengen zina kipimo kimoja kwa pamoja: siku 90 ndani ya kila siku 180. Siku ya kuingia na siku ya kutoka zote huhesabiwa. Ukiingia Julai 1, siku yako ya 90 ni Septemba 28. Kuvuka kutoka Ujerumani kwenda Ufaransa hakuanzishi hesabu mpya. Tangu Oktoba 12, 2025, nchi hizo zilianza kuandikisha kwa kompyuta kuingia na kutoka kwa wageni, kwa hiyo usidhani siku zitasahauliwa. Maombi huanza kupokelewa miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Ni lazima uwe na bima ya matibabu isiyopungua Euro 30,000.

Je, binti aliye Ujerumani anataka ukae miezi sita? Viza ya kupita siku 90 hutolewa kwa sababu kama masomo, kazi au kuungana na mwenzi; kumtembelea mjukuu kwa kawaida si mojawapo. Mwambie binti mapema kuwa utakaa miezi mitatu, ili apange nani atafuata baada yako, pengine mama mkwe wake.

Kanada ina viza maalum ya wazazi na mababu. Tangu mwaka 2022 mwenye viza hiyo huweza kukaa hadi miaka 5 kwa kuingia mara moja, mradi mtoto wake ni raia au mkazi wa kudumu, ana kipato kinachotakiwa, na bima ipo. Marekani nayo, Desemba 2025, ilitangaza kusimamisha viza za matembezi kwa Watanzania kuanzia Januari 1, 2026. Mwenye binti huko aulize kwanza ubalozini hali ikoje, kabla hajalipa hata shilingi.

Utafanya nini huko?

Hapa ndipo jamaa hushauri uongo. “Sema unakwenda kutalii wiki mbili tu.” Mama, usikubali. Kumtembelea binti na kumshika mjukuu si kosa. Kanuni za Uingereza zinamruhusu ndugu kusaidia kumtazama mtoto kwa ziara fupi. Zinachokataza ni kumfanya yaya wa nyumbani, aajiriwe au achukue nafasi ya mfanyakazi. Eleza basi: “Binti yangu atajifungua mwezi fulani, nitakaa naye miezi mitano, nitarudi tarehe fulani.” Barua ya binti iseme vivyo hivyo, ikiwa na uthibitisho wa makazi yake, kazi yake na nani analipa nini.

Akikutwa na hila katika maombi, mtu anaweza kufungiwa mlango wa Uingereza kwa miaka 10. Hebu pima: mjukuu atakuwa darasa la nne au la tano kabla bibi hajamwona. Kristo alitufundisha kuwa na ndiyo iliyo ndiyo na siyo iliyo siyo. Mbele ya dirisha la ubalozi fundisho hilo ni msaada pia, maana msema kweli hana la kukariri.

Shamba lako ndilo shahidi wako

Afisa anataka kujua jambo moja kubwa: una sababu gani ya kurudi? Akina mama wengi hudhani kuwa maisha ya Shanwe ni ya kuficha, eti hayana mshahara. La hasha! Mume anayebaki, watoto walio shuleni, shamba la mahindi na karanga, nyumba, mashine ya kusaga, hisa katika kikundi cha akiba: hizo ndizo kamba zinazokuvuta nyumbani. Ziandikie ushahidi. Chukua cheti cha ndoa, barua ya serikali ya mtaa kuhusu shamba na makazi, daftari la kikundi, na taarifa ya benki ya miezi kadhaa. Usikopeshwe milioni tano ziingie kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba. Fedha isiyo na historia huzua maswali. Hati za Kiswahili zitafsiriwe, na mfasiri aweke jina, tarehe na sahihi.

Majira nayo yanakusaidia. Mvua za Katavi huanza Novemba na kuisha Aprili. Mama anayeondoka Juni, mavuno yakiwa ghalani, na kurudi Oktoba mwishoni kuandaa shamba, ana mpango ambao kila mtu anauelewa. Na Ulaya huwa ni kiangazi, hata koti zito halihitajiki sana. Lakini mimba haifuati kalenda ya kilimo. Binti akijifungua Januari, onyesha ni nani atapalilia.

Safari ya Dar es Salaam

Alama za vidole hutolewa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Shanwe. Barabara ya Mpanda kwenda Tabora kupitia Koga sasa ni ya lami, na kutoka Dodoma treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam tangu mwaka 2024. Panga nauli, pa kulala kwa ndugu au mshirika wa kanisa, na siku za ziada. Jihadhari na vishoka wanaodai wana mtu wao ndani ya ubalozi. Ada ya viza hairudi ukikataliwa, kwa hiyo usikate tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya kupata jibu.

Dawa zako za presha au sukari beba za kutosha, katika pakiti zake, pamoja na cheti cha daktari. Hospitali za serikali za England humtoza mgeni asilimia 150 ya gharama, kwa hiyo bima ni ya lazima hata pale isipodaiwa.

Nyumba unayoiacha

Miezi mitano ni mirefu. Keti na baba watoto mkubaliane kwa utulivu, si yeye apate habari kutoka kwa binti. Nani atampikia aliye darasa la saba? Nani atashika ufunguo wa ghala? Deni la kikundi litalipwaje? Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu ajengaye mnara, aketiye kwanza kuhesabu gharama. Hesabu ya bibi ni siku, fedha na watu wanaobaki.

Zaidi ya yote, rudi tarehe uliyoitaja. Viza iliyotumiwa kwa uaminifu hufanya maombi ya pili yawe mepesi zaidi, na mjukuu wa pili atakapozaliwa, utaitwa tena.