Kishoka cha Mtoto Mdogo

Nilipokuwa mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Mbarara, niliazimwa kitabu kiitwacho Hatchet, yaani kishoka, kilichotungwa na Gary Paulsen wa Marekani mwaka 1987. Chaeleza habari za Brian, mvulana wa miaka 13, aliyepanda ndege ndogo kwenda kwa baba yake huko Kanada. Rubani akafa angani kwa ugonjwa wa moyo, na ndege ikaangukia ziwani katikati ya msitu. Brian akaishi humo siku 54 peke yake, mkononi hana ila kishoka alichopewa na mama yake.

Siku hizo nilichokipenda ni ule moto, jinsi alivyopiga kishoka mwambani hata cheche zikaruka. Nilijaribu na mimi nyuma ya jiko kwa panga la nyumbani. Moto sikuupata, viboko nilivipata.

Mwaka huu nimekisoma tena, nami sasa ni baba. Moto haukunishughulisha. Nilimfikiria yule mama, ambaye msako ulisimamishwa mwanawe angali hai. Nikamwona pia Perpich, mwalimu wa Brian, ambaye mafundisho yake ya darasani yalimrudia kijana alipokata tamaa. Mimi niliyesomea ualimu, jambo hilo lilinigusa.

Kazi yangu hunipeleka Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoko wilaya ya Isingiro kwa zaidi ya miaka 60. Alasiri moja niliwasimulia watoto wa huko hadithi hiyo. Mvulana mmoja kutoka Kongo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwalimu, huyo alikuwa na nafuu. Hakuwa na mdogo wa kubeba."

Nilikosa la kumjibu.

Watoto waliopotezana na wazazi wao vitani, Msalaba Mwekundu hujitahidi kuwatafutia jamaa zao. Kazi hiyo huanza kwa maswali mepesi: baba yako anaitwa nani? Mama je? Kijiji chenu ni kipi? Mtoto asiyeyajua hayo, anayemtafuta ataanzia wapi?

Jumamosi niliporudi nyumbani Mbarara, nilimwita kitindamimba wangu mwenye miaka 5. "Mama yako anaitwa nani?" Akajibu, "Mama." "Na mimi je?" "Baba." Ndugu zake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

Wazazi wenzangu, hasa ninyi askari mnaohamishwa kituo hata kituo pamoja na jamaa zenu, msiseme mtoto angali mdogo. Mfundisheni majina yenu kamili, kijiji cha asili na namba ya simu ya nyumbani. Hayo hayanunuliwi, wala hakuna awezaye kumnyang'anya njiani.

Kwetu sasa tunayakariri kila jioni kabla ya chakula. Juzi mdogo wetu alikosea jina la babu yake; akanyamaza kidogo, kisha akaanza upya bila ya kuambiwa.