Kutafuta Sakafu ya Dansi Mjimwema

Shangazi na mumewe walifunga ndoa mwaka 1975, na watoto wao wakaamua jubilei ya dhahabu iwe ya zilipendwa: wanaume wavae bugaluu na raizoni, wanawake waje na afro, na muziki usivuke mwanzo wa 1979. Mpaka huo aliuweka Shangazi mwenyewe. Januari ya mwaka ule mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, na kwake miaka ya sabini iliishia pale.

Kutafuta ukumbi nikaachiwa mimi, lakini Shangazi hakukubali kubaki nyumbani. Tukachukua bajaji kutoka mjini Songea kwenda Mjimwema, yeye kajitanda kanga juu ya sweta. Songea iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na sherehe ni Julai, mahindi yakishavunwa, wakati baridi ya usiku inapenya mpaka mifupani. Kwa hiyo baa yenye uwanja mzuri chini ya miembe tuliiacha mapema.

Ukumbi uliofuata ulikuwa mpya: dari la jipsamu, mapazia meupe, viti vya kifalme vya maharusi. Msimamizi akatuwashia taa za rangi, zote. Kwa mji uliotegemea jenereta za dizeli kwa miaka mingi kabla gridi ya Taifa haijafika mwaka 2018, taa zile ni fahari ya haki kabisa. Shangazi akavua kiatu kimoja, akaburuza unyayo juu ya marumaru.

"Hapa mtu ataanguka, baba. Halafu watacheza wapi?"

Nikatazama. Viti vyote vilikuwa safu kwa safu, vimeelekea meza kuu, na nafasi iliyobaki ni kijia cha kupeleka zawadi. Kumbi nyingi za sasa zinajengwa kwa ajili ya kukaa na kutazama: keki, kamera, MC. Dansi halikai humo. Dansi linataka meza pembeni, bendi upande mmoja, na katikati pawe wazi.

Vijana wetu wanaijua miaka ile kwa mavazi, na mavazi yana raha yake, lakini moyo wa miaka hiyo ulikuwa sakafuni. Bendi nyingi zilikuwa za taasisi: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana wa TANU, Polisi Jazz. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, zikasikika hadi vijijini kwenye redio za betri. Ila kuziona zikipigwa, hapana. Tanzania Bara ilipata televisheni mwaka 1994. Wajapani waliweza kuiona Morogoro Jazz, bendi ya Mbaraka wakati huo, kule Osaka, kwenye maonyesho ya dunia ya 1970; sisi wa huku tulilazimika kungoja bendi ije, na ikija hakuna aliyekubali kukaa.

Tulipata tulichokitaka mbele kidogo, ukumbi wa zamani wa bati, madirisha ya mbao, sakafu ya saruji iliyosuguliwa na nyayo mpaka inang'aa, imepasuka kidogo karibu na mlango. Nikapiga makofi, mwangwi ukarudi kutoka kwenye bati. Huo utapungua tukitundika vitenge ukutani na kuweka spika mbali na kuta. Shangazi akaburuza unyayo tena, akageuka mara moja, taratibu, kanga imeshikwa kiunoni.

"Shikamoo, mama," kijana mwenye funguo akasema. "Wengi wanaukataa, hauna jukwaa."

"Marahaba, mwanangu. Hatutaki jukwaa. Wala meza kuu. Mimi na mzee wangu tutakaa na watu."

"Na MC atasimama wapi?"

"Mlangoni. Awakaribishe wageni, awapeleke kucheza."

Nikalipa malipo ya awali, kijana akaandika risiti. Tuliporudi mjini tukapitia kwa fundi cherehani, maana bugaluu bado, na shemeji zangu hawajapimwa hata mmoja.