Imla ya Mkongo

Ukitaka kuwapima watoto Kiingereza huku kijijini Mkongo miaka ya themanini, ulianza kwa kuuliza mpunga umefikia wapi. Ukishatoa masuke, nusu ya darasa ilikuwa bondeni na wazazi, juu ya madungu, inaamia ndege. Mwalimu aliyepanga mtihani wiki hiyo alijipimia madawati.

Tuliosubiri mavuno tulikuwa na stensili moja, wino usiotoka vidoleni, na karatasi zisizotosha. Kwa hiyo mtihani mwingi ulikuwa imla. Mwalimu anasoma sentensi mara mbili, polepole; mtoto anaandika alichosikia. Huyo mtoto nyumbani kalelewa kwa Kindengereko, na darasani kafundishwa hesabu na jiografia kwa Kiswahili, kama ilivyokuwa katika shule za msingi za serikali tangu 1967. Kiingereza kilitua daftarini kwake kimevaa kanzu na msuli: sikuli, tebo, buku. Tulicheka ofisini, tukasahihisha kwa kalamu nyekundu, tukafunga daftari.

Wakubwa nao walikuwa wanapima. Tume ya Makweta, iliyoundwa kuchunguza elimu ya Tanzania, ilikwisha kupendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Serikali ikakataa. Mwaka 1984 watafiti wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, wakawapa wanafunzi mtihani wa kujaza nafasi, kuanzia msingi hadi chuo kikuu, wakakuta huko sekondari wanafunzi wengi wanaambulia kidogo au hawaambulii kitu katika masomo, maana Kiingereza hawakielewi. Kisha wakashauri Kiingereza kiendelee kutumika kufundishia! Nimewahi kuona mganga akimpima mtu, akamkuta na homa, akamwongezea blanketi. Sikujua na wasomi hufanya hivyo. Dawa iliyokuja, tuseme kweli, haikuwa mbaya: mradi ulioanza 1987 ulipeleka sekondari vitabu vyepesi vya hadithi, vilivyopangwa kwa ngazi. Sisi wa shule za msingi tulivisikia tu.

Mwaka 2010 wakaja watu wa Uwezo, mradi wa kupima kama watoto wanajua kusoma. Hawa sikuwatarajia. Walimfuata mtoto nyumbani, na waliompima walikuwa vijana wa hapa hapa: herufi, neno, aya, mwisho kihadithi cha kiwango cha darasa la pili. Mama anasikiliza huku anapeta mchele, na jibu analipata papo hapo. Nchi nzima, karibu nusu ya waliokuwa wanamaliza darasa la saba walishindwa kihadithi hicho cha Kiingereza. Magazeti yalishtuka. Wazee wa kalamu nyekundu tulitazamana tu.

Mwaka 2012 mtihani wa darasa la saba ukawa wa kusiliba vidoti kwa penseli, kompyuta ikasahihisha. Ni haki zaidi, sibishi: mashine haijui mtoto wa nani, wala haicheki. Lakini mjukuu wangu alinieleza bila haya kwamba akikwama kwenye Kiingereza anachagua C, na C humjibu vizuri tu. Matokeo yakitoka anaonekana anajua kidogo. Anajua nini, karatasi haisemi.

Ningeulizwa, ningeirudisha imla hata mara moja kwa muhula. Yule aliyeandika sikuli alikuwa amesikia sauti zote, kwa mpangilio wake. Hapo mwalimu ana pa kuanzia kesho asubuhi. C haina pa kuanzia.