Kimondo cha Mbozi na Shahidi Asiyetazama Saa

Basi lilikuwa limekwisha kuipita Makambako, nasi abiria karibu sote tukisinzia, pale mwanga mkali wa kijani ulipoipasua anga. Vivuli vya miti vilikimbia ardhini, kisha giza likarudi. Mama mmoja aliyepakata mtoto alisema taratibu, "Kimondo hicho, baba." Nikaitikia, nikalala.

Kesho yake nilikuwa Mbozi, mkoani Songwe, kwenye mteremko wa kilima cha Marengi, nikikitazama kimondo kingine kilichokwisha tua. Ni pande la chuma lenye nikeli kidogo, urefu wake meta 3 hivi, na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Wenyeji walilijua tangu zamani. Ulimwengu wa nje ulipata habari zake mwaka 1930, kwa mpima ardhi W. H. Nott. Lakini hapana aliyesimulia siku lilipoanguka, na hata shimo la pigo lake halionekani.

Nilimweleza mzee aliyetutembeza mambo ya usiku ule. Akauliza kwa upole, "Ilikuwa saa ngapi, mwanangu? Kilitoka upande gani? Kikazimikia wapi? Mlisikia mshindo?" Mimi, niliyefundishwa darasani maswali hayo hayo, sikuwa na jibu hata moja. Niliona haya.

Ndugu msomaji, kimondo hudumu sekunde chache tu. Ukikiona, tazama saa, na ukumbuke mahali uliposimama. Shika kilianzia juu ya mti gani na kikaishia juu ya paa gani. Kisha hesabu sekunde, maana mshindo huja nyuma ya mwanga. Maelezo ya watu walio miji mbalimbali yakilinganishwa, wataalamu huweza kuikadiria njia yake, na pengine mahali mabaki yalipoangukia.

Wala usikimbilie dirishani. Februari 15, 2013, mjini Chelyabinsk, Urusi, watu wengi walisogea kwenye vioo kuutazama mwanga wa kimondo. Mshindo ulipofika ulivunja vioo hivyo, na zaidi ya watu 1,000 wakajeruhiwa.

Pande la Mbozi halina historia ya kuanguka kwake, kwa kuwa halikupata shahidi aliyetuachia neno. Kimondo changu kilikuwa na mashahidi basi zima, na mmoja wao alikuwa mwandishi wa habari.