Kichwa cha Boriti

Boriti huozea kichwani, pale inapoingia ukutani, jicho lisipofika. Katikati ya chumba utaiona imara, imepakwa chokaa, kumbe ndani ya ukuta imeshakuwa ugoro. Nakarabati nyumba za Mji Mkongwe, Unguja, na kila nikiingia chumbani naanzia pembeni, bisibisi mkononi.

Naichoma. Mti mzima hukataa. Uliooza hupokea kimya. Kipande kikikatika vidonge vidonge vya kahawia vinavyosagika vidoleni, au kikichambuka nyuzinyuzi nyeupe, hiyo ni kuvu. Mchwa huacha vijia vya udongo. Wengi huchanganya mambo haya, wakapulizia dawa ya mchwa na boriti ikaendelea kuoza, kwa kuwa kuvu huishi kwa maji. Mti ukikauka, unyevu ukashuka chini ya asilimia 20, kuvu haisongi mbele.

Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukuta huo hunywa maji ya masika, kisha huyatoa wenyewe taratibu. Ujanani nilimpigia bibi mmoja lipu ya saruji, nikaamini nimemsaidia: ukuta laini, haumwagi vumbi. Baada ya masika matatu akaniita.

"Mwanangu, dari inashuka."

Nilipobomoa lipu nikakuta unyevu umefungiwa ndani, na vichwa vinne vya boriti vinabonyea kwa kidole gumba. Boriti zile zilikuwepo kabla yeye hajazaliwa. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Sasa natafuta maji kwanza: mfereji wa paa ulioziba, bomba la choo linalovuja, udongo uliorundikana nje ya ukuta. Maji yasipozuiwa, dawa ni kupoteza fedha. Kisha naegemeza dari kwa nguzo, nakata palipooza na kuongeza shubiri moja ndani ya mti unaoonekana mzima, maana nyuzi za kuvu hutangulia uozo. Boriti mpya ya mkoko naingoja ikauke, kichwa chake nakipaka maji ya boraksi mara mbili, na ukutani naiachia upenyo wa hewa. Lipu, chokaa tupu.

Kwa yule bibi nilirudia kazi bila malipo. Kila masika yakimalizika nampitia. Huwa ameshaniwekea kiti cha kupandia, kwenye pembe ileile, kabla sijapiga hodi.